Kidole Kimoja, Kulia

Stima imepotea Kivumbini tangu saa moja.
Nasikia majirani wakijigonga kwenye stuli,
mtu anatukana kibiriti kilicholowa,
Mama Cherotich anamwita mwanawe arudi ndani
kabla hajakanyaga paka.
Mimi niko ukurasa wa mia mbili na tatu.

Kioo nimekizima. Simu imelala pajani
kama kipande cha sabuni.
Sikio moja limevaa waya, la pili nimeuachia mlango.
Kidole kimoja, kulia: sentensi.
Kidole kimoja, kulia: sentensi.
Mjane wa hadithi amefika kituo cha polisi,
na sauti, bila huruma wala pumzi, inasema:
"Nilimwona akianguka mia mbili na nne mtoni."
Namba ya ukurasa imepenya katikati ya kifo.
Nimezoea. Naitoa kama jiwe kwenye mchele,
naendelea kula.

Sauti hii haikuzaliwa hapa.
"Ng'ombe" huitamka kama mtu aliyekanyaga mwiba,
"Menengai" huivunja vipande ikavisahau njiani,
na mwandishi akinyamaza kwa uchungu
yenyewe husoma: nukta, nukta, nukta.
Mwanzoni nilicheka hadi nikamwaga chai.

Miaka ishirini na sita nilikaa kwenye ubao wa simu
wa kiwanda cha unga, karibu na reli.
Nilijua sauti za watu kabla ya majina yao:
karani mwenye deni,
dereva mwenye mke Molo na mwingine Njoro.
"Subiri nikuunganishe." Nikawaunganisha.
Kisha ikaja mashine inayojiunganisha yenyewe,
nami nikaagwa kwa soda na saa ya ukutani.
Saa ya ukutani. Mimi.

Siku hizo vitabu vyangu vilikuwa vya nukta nundu,
riwaya moja mabuku saba,
na marehemu Makokha alilala ukingoni mwa kitanda
akisema ameoa maktaba.
Nukta zilikuwa zimelainishwa na vidole vya waliotangulia.
Buku la kwanza laini kama kiganja,
la tano kali, kama limetoka mtamboni jana,
nikajua ni wapi wenzangu walichoka.
Hapo nilipunguza mwendo,
mtu wa kwanza kupita njia yenye umande.

Kwenye kioo hiki hakuna aliyepita.
Nakipangusa kwa ncha ya leso, kinakuwa kitupu tena.

Jumapili mkwe wangu Lusweti aliniuliza,
kwa upole, akitafuna muhogo:
"Sasa huko ni kusoma, ama ni kusikiliza?"
Sikumjibu. Nilichomoa waya
nikamwachia sauti kwa kasi yangu.
Akaacha kutafuna.
"Hiyo ni lugha gani?"
Ni Kiswahili, baba. Kinakwenda mwendo wa macho yako.
Na nikitaka narudi nyuma, neno kwa neno,
herufi kwa herufi,
nijue kama mtu amekufa ama amekufaa.

Vipo vitabu vinavyonifungia mlango.
Kimoja nilikilipia mia nne na hamsini, pesa ya mayai.
Nikakifungua: "Picha."
Kidole kimoja, kulia. "Picha."
Kurasa mia tatu na kumi.
Mtu aliyapiga maneno picha, akayauza.
Yamo mle, nayajua yamo,
kama watu wanaonong'ona nyuma ya ukuta.
Sijakifuta. Usiku mwingine hukifungua tena,
nione kama kuna aliyetubu.

Stima imerudi. Mtaa mzima unapiga kelele
kana kwamba timu yetu imefunga bao.
Mama Cherotich anachungulia:
"Wee! Muda wote huu umekaa gizani?"
Nainua kidole: ngoja.

Mjane anadanganya.
Sauti haina hisia hata chembe,
haipandi, haishuki, haikohoi,
lakini mimi nimepokea simu za watu wengi,
na mtu anayetaja mto mara tatu bila kuulizwa
ana kitu mtoni.

Kidole kimoja, kulia.